Je, Ni Kweli Ajali Haina Kinga?

Ndugu msomaji, hakuna msiba unaosikika mbali kama msiba wa dereva. Hapa Gongo la Mboto akifariki kijana wa bodaboda, wenzake hawamsindikizi kimya kimya. Huvunja matawi ya miti na kuyafunga mbele ya pikipiki, hupiga honi mfululizo, na kuongozana na mwili hadi makaburini. Wengine hupakizana watatu juu ya chombo kimoja, wengi wao bila kofia ngumu kichwani. Akina mama hutoka vibarazani wakashika tama. Jioni, watu wakiwa wamekaa chini ya turubai, maneno ya kufariji huwa ni yale yale: "Ajali haina kinga. Mungu amempenda zaidi."

Katika toleo hili tumeona vema tuyatazame maneno hayo kwa makini. Si nia yetu kumnyang'anya mfiwa faraja yake. Lakini yako maneno yanayomfariji mama wa marehemu leo na kumzika mtoto wa mama mwingine kesho. Ili tuelewane, tumechagua msiba wa mtu aliyekuwa bingwa wa usukani duniani, aliyepata ushindi mkubwa hapa kwetu Afrika ya Mashariki. Mtu huyo ni Colin McRae wa Uskoti.

BINGWA WA SAFARI

Wazee wetu wanayakumbuka mashindano ya magari ya Safari. Yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 na 1967 yalichukuliwa mfululizo na dereva wa Tanzania, Bert Shankland, akiwa na msoma ramani wake Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404. Miaka hiyo vumbi la Safari lilikuwa jambo la kusimuliana majumbani.

Colin McRae alikuja baadaye sana. Alizaliwa mwaka 1968 katika nyumba ya madereva. Baba yake, Jimmy McRae, alikuwa bingwa wa Uingereza mara tano. Mwaka 1995, akiwa na miaka 27 tu, Colin akawa bingwa wa dunia katika gari aina ya Subaru, na wakati huo hapakuwa na aliyewahi kuutwaa ubingwa huo akiwa na umri mdogo kuliko yeye. Akaja Kenya akashinda Safari mwaka 1997. Akashinda tena 1999, safari hii akiendesha Ford, na mara ya tatu mwaka 2002. Ushindi huo wa 2002 ulikuwa wa 25 kwake katika mashindano ya dunia, na ndio uliokuwa wa mwisho. Safari yenyewe ikaondolewa katika ratiba ya dunia baada ya mwaka huo, isirudi mpaka 2021.

Vijana wengi walimfahamu kwa njia nyingine. Mwaka 1998 ulitoka mchezo wa kompyuta wenye jina lake, na kwa mchezo huo hata kijana asiyewahi kuona gari la mashindano kwa macho aliweza kulitamka jina la McRae. Walimpenda kwa sababu hakuwa mwoga. Alipindua magari mengi. Mwaka 2000 huko Corsica gari lake lilipinduka, akanaswa ndani, akavunjika mfupa wa shavu. Akapona, akarudi kwenye usukani. Mashabiki wake wanabandika kwenye magari yao maneno yanayohusishwa naye, ambayo maana yake kwa Kiswahili ni kwamba ukiwa na shaka, kanyaga mafuta mpaka mwisho.

HAKUWA PEKE YAKE

Hata hivyo liko jambo ambalo maneno hayo ya kubandika hayalisemi. Bingwa huyu hakushinda Safari peke yake.

Katika Safari ya miaka ile barabara hazikufungwa. Magari ya mashindano yalipita palepale yanapopita malori, ng'ombe, na watoto wanaotoka shule. Kwa hiyo timu kubwa ziliweka helikopta juu ya gari. Waliokuwa angani walitazama mbele, wakamwambia dereva kwa redio: kuna lori kwenye kona, kuna mifugo inavuka, punguza. Kando ya dereva alikaa msoma ramani. Katika ushindi wote mitatu wa McRae kule Kenya mtu huyo alikuwa Nicky Grist wa Wales, ambaye kazi yake ilikuwa kumsomea njia neno kwa neno: kona kali kulia, shimo, kilima. Na kabla ya gari lolote kuondoka, wakaguzi walikagua mikanda, kofia, na vyuma vya kumkinga dereva gari likipinduka. Gari lisilotimiza masharti haliondoki, hata kama mwenyewe ni bingwa wa dunia.

Tafadhali msomaji, shika mambo hayo matatu: mtu wa kutazama mbele, mtu wa kusoma njia, na mtu wa kukagua. Tutayarudia.

SIKU YA MSIBA

Siku ya Jumamosi tarehe 15 Septemba 2007 helikopta ilianguka na kuwaka moto karibu na nyumbani kwa McRae, jirani na mji wa Lanark. Aliyekuwa akiirusha ni yeye mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 39. Alifariki pamoja na mwanawe wa kiume mwenye miaka 5, rafiki wa mtoto huyo mwenye miaka 6, na mtu mzima mmoja rafiki wa familia. Nyumbani alibaki mke na binti mmoja.

Kilio kilikuwa kikubwa. Mwishoni mwa mwezi huo maelfu ya watu walifika Lanark kwa ibada ya kumbukumbu. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 2008, mashabiki walifanya jambo ambalo vijana wetu wa kijiweni wangelielewa mara moja: walikusanya magari 1,086 ya Subaru huko Uingereza, wakaongozana nayo, kisha wakayapanga uwanjani hata yakaandika jina la McRae likasomeka kutoka juu. Hao walikuwa watu wazima, wenye kazi na familia, wakimlilia mtu ambaye wengi wao hawakuwahi hata kushikana naye mkono.

Sisi hatuwacheki. Bwana wetu mwenyewe alilia penye kaburi la Lazaro, na waliokuwapo wakaona jinsi alivyompenda. Kumlilia mtu aliyetupa furaha ni jambo la kibinadamu. Matawi ya bodaboda wa Gongo la Mboto na Subaru za Uingereza ni lugha moja: tulikuwa wako, na wewe ulikuwa wetu.

UKWELI ULIOKUJA BAADAYE

Lakini msiba huo haukuishia kwenye kilio. Wenzetu walichunguza. Taarifa ya wachunguzi wa ajali za ndege iliyotolewa mwaka 2009 ilisema kwamba leseni ya urubani ya McRae ilikuwa imekwisha muda wake, na kwamba helikopta ilikuwa ikiruka chini sana kwa mwendo mkubwa ndani ya bonde lenye miti. Chombo kilikuwa kimeungua vibaya, na wachunguzi hawakuweza kutaja kwa uhakika chanzo cha ajali. Mwaka 2011 uchunguzi wa mahakama ulimalizika. Hakimu alisema kuwa kuruka chini namna ile, tena akiwa na abiria, hakukuwa na ulazima wala usalama, na kwamba kama asingeingia katika bonde lile ajali ingeweza kuepukika.

Maneno hayo ni mazito kwa mtu aliyempenda. Lakini fikiri, mama mwenzetu, juu ya ile nyumba nyingine. Mtoto wa miaka 6 alikuwa na rafiki yake, kama watoto wetu wanavyokwenda kucheza kwa jirani. Wazazi wake hawakuwa mashabiki waliochagua hatari. Walimkabidhi mtoto kwa mtu mzima waliyemwamini. Je, mbele ya wazazi hao tungeweza kusimama tukasema ajali haina kinga, tukaondoka?

Hatuandiki haya ili kumhukumu marehemu. Hukumu ni ya Mungu. Alimpenda mwanawe, hakuna baba anayempandisha mtoto chombo akitaka aangamie. Tunachokiona ni kwamba mtu yuleyule aliyekuwa na mtazamaji angani, msoma ramani kando yake na wakaguzi mlangoni alipokuwa mashindanoni, siku ile ya nyumbani uamuzi wote ulikuwa mikononi mwake peke yake. Ujasiri uliompa ubingwa haukuwa na wa kuuambia: leo hapana.

Na si yeye peke yake aliyefia nje ya mashindano. Alfajiri ya tarehe 3 Mei 2025 wenzetu wa Uganda walimpoteza Rajiv Ruparelia, mfanyabiashara na dereva wa mbio za magari, mwenye umri wa miaka 35. Gari lake lilipata ajali na kuungua eneo la Busabala, nje kidogo ya Kampala, katika barabara ya kawaida wanayopita watu wote.

MISIBA ILIYOJENGA UKINGO

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22 mstari wa 8 iko amri ambayo mara nyingi hatuihubiri. Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, maana watu walikaa juu ya dari, na mtu akianguka kwa kukosa ukingo, damu yake itakuwa juu ya nyumba hiyo. Mungu hakuwaambia kwamba kuanguka hakuna kinga. Aliwaambia wajenge kinga.

Hata watu wa mbio za magari walijifunza hivyo kwa machozi. Mwaka 1986 walikuwa na magari yenye nguvu za kupita kiasi. Mwezi Machi gari moja liliacha njia huko Ureno likaua watazamaji. Tarehe 2 Mei mwaka huohuo dereva kijana Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto waliungua hadi kufa huko Corsica. Wakuu wa mchezo hawakutoa rambirambi tu. Walitangaza kwamba magari ya aina ile hayataruhusiwa tena katika ubingwa wa dunia kuanzia mwaka 1987. Mashabiki wengi walisikitika, maana ndiyo magari waliyoyapenda kuliko yote. Lakini ukingo ulijengwa.

Mfano mwingine ni wa mwaka 2005. Tarehe 18 Septemba, katika mashindano ya Wales, gari la Markko Märtin liligonga mti na msoma ramani wake, Michael Park, akafariki. Hatua zilizobaki zikafutwa. Sébastien Loeb wa Ufaransa alikuwa akiongoza, na kama matokeo yangebaki vile angekuwa bingwa wa dunia siku hiyohiyo. Hakukubali. Kwa makusudi aliingia kituoni kabla ya muda wake ili apewe adhabu na ushindi umpite. Aliutwaa ubingwa baadaye, huko Japani. Huo ndio msiba unaomgharimu mwombolezaji kitu.

Tujiulize basi: sisi msiba wa bodaboda unatugharimu nini zaidi ya honi na sufuria za wali?

NANI MKAGUZI WA NYUMBANI?

Hapa ndipo tunaporudi kwenye mambo yale matatu.

Kwanza, mkaguzi. Akina mama wengi tumewanunulia vijana wetu pikipiki kwa mkopo wa kikundi. Ni jambo jema, kijana apate riziki. Lakini tunapohesabu fedha za chombo, je, tunahesabu pia mafunzo ya udereva, leseni, na kofia mbili, yake na ya abiria? Uchambuzi wa tafiti nyingi za kitabibu umeonyesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Kofia inayoning'inia kwenye usukani, au iliyovaliwa bila kufungwa kamba kidevuni, haimkingi mtu.

Na wako miongoni mwetu wenye pikipiki wanaowapa vijana wa watu waziendeshe kwa hesabu ya kila siku. Dada mpendwa, ukimdai kijana hesabu ileile siku ya mvua na siku ya jua, siku anayoumwa na siku aliyo mzima, basi wewe nawe umeshika usukani. Yeye anakimbia ili wewe usinune. Kupunguza hesabu siku ya mvua ni ukingo wa dari.

Pili, msoma ramani. Mara nyingi anayekaa nyuma ya bodaboda ni sisi. Tunachelewa sokoni, au kwaya, tunamwambia dereva akimbize. Asubuhi tunapakia watoto wawili mbele, mmoja nyuma na mama mwenyewe, mtindo wa mishikaki, kwa sababu nauli ya chombo kimoja ni nafuu. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki, nasi tunajua. Abiria anao mdomo. Akisema "punguza, mwanangu, nitashuka," madereva wengi husikia. Akinyamaza, amesoma njia vibaya.

Tatu, mtazamaji wa mbali. Katika 2 Wafalme sura ya 9 tunasoma juu ya mlinzi wa mnarani huko Yezreeli. Aliona gari la farasi likija kwa mbali, akamtambua Yehu kwa namna alivyoendesha, maana aliendesha kama mwenye wazimu. Mama naye anamjua mwanawe kwa mlio wa pikipiki akiwa bado kwenye kona. Anajua leo amekuja kwa hasira, leo amekunywa, leo hajalala. Akishajua, asinyamaze.

DAUDI HAKUULIZA

Tunasema asinyamaze kwa sababu yako maandiko yanayotuchoma wazazi. Absalomu, mwana wa Daudi, alijiwekea gari na farasi, na watu hamsini wa kukimbia mbele yake. Baadaye ndugu yake Adonia akafanya vivyo hivyo. Katika 1 Wafalme sura ya kwanza imeandikwa kwamba baba yake hakuwahi wakati wowote kumhuzunisha kwa kumuuliza kwa nini anafanya hivyo. Daudi aliyenyamaza hivyo ndiye aliyekuwa amekaa langoni siku ya vita akiwauliza wajumbe kama kijana Absalomu yu salama, akapanda chumbani akalia kilio ambacho hakuna mzazi anayeweza kukisoma bila kutetemeka.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Swali gumu la leo, kijana akiwa hai na akinuna, ni jepesi kuliko lile la langoni.

TUSEME NINI MSIBANI?

Wako watakaouliza: je, mama aliyefiwa tumwambie kwamba mwanawe alikosea? Hasha. Siku ya msiba kaa naye chini, lia naye, pika, chota maji, nyamaza. Anayemhubiria mfiwa makosa ya marehemu siku ya maziko anaongeza jeraha.

Lakini matanga yakishaanuliwa, liko neno la kusema, na la kulisema ni sisi wa karibu. Wazee wa kanisa na akina mama wa umoja waende kijiweni, si kwa kugomba, bali kama watu waliolia pamoja nao. Wawaombe vijana kwamba msafara ujao wa kumsindikiza mwenzao uende kwa taratibu, kila mtu na kofia yake, kila pikipiki na watu wasiozidi wawili. Mchango wa msiba ukibaki, usigawanywe; ununue kofia. Kumheshimu marehemu kwa kuwakinga waliobaki hakumpunguzii heshima yake.

Na maneno yetu tuyatengeneze. Badala ya kusema ajali haina kinga, tuseme kwamba Mungu yu karibu na waliovunjika moyo, na kwamba ametupa akili na mikono ya kulindana. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Si haki kumsingizia Mungu vifo vyote hivyo, tukaenda zetu kulala.

Colin McRae alishinda Safari mara tatu akiwa na watu wa kumwambia wapi apunguze. Kijana wako anayetoka asubuhi kuelekea Pugu au Chanika hana helikopta juu yake. Ana wewe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Katika nyumba yako na katika biashara yako, ni wapi hapana ukingo?

2. Kama unamiliki pikipiki, bajaji au daladala, hesabu unayodai inamsukuma dereva wako kufanya nini siku ya mvua?

3. Ni lini mara ya mwisho ulimwambia dereva apunguze mwendo? Ni nini kilichokuzuia?

4. Mpangeni pamoja jinsi kikundi chenu kitakavyotembelea kijiwe cha jirani mwezi huu. Nani atazungumza, na mtapeleka nini mkononi?

Baada ya mazungumzo, kila mmoja ataje jina la dereva anayemjua, na muwaombee madereva hao kwa majina.